Ngoma, Beni, Nadi na Okestra: Historia ya Majina ya Makundi ya Wapiga Ala

Utangulizi

Maneno yanayomsumbua mfasiri mara nyingi si yale magumu, bali yale yanayoelekea kuwa mepesi. "Okestra" ni mojawapo. Mfasiri apewapo taarifa ya msimu wa maonyesho ya okestra ya simfoni ya watu wa mji fulani wa ng'ambo, ili aifasiri kwa ajili ya gazeti, kitabu cha shule au barua ya wizara, huona kwamba takriban kila neno la taarifa hiyo linamtaka achague. Aandike "bendi" au "kikundi cha muziki"? Je, onyesho lenyewe ni hafla, tamasha au konseti? Na yule anayesimama mbele ya wapigaji na kijiti mkononi aitwe nani, hali kondakta tumjuaye sisi ni yule anayedai nauli ndani ya basi?

Makala haya yana orodha fupi ya istilahi, lakini orodha hiyo imewekwa mwishoni kwa makusudi. Kabla ya kuunda jina hapana budi kuuliza kama jambo lenyewe limekwisha kuwapo kwetu, na kama lilikuwapo, wenyewe waliliitaje. Kundi la watu wanaopiga ala za namna mbalimbali kwa pamoja, wakifuata kiongozi mmoja, katika msimu wao na kwa ridhaa yao, si jambo geni katika nchi zisemazo Kiswahili. Mifano yetu itatoka katika bonde la Lukuledi, lililo chini ya nyanda za juu za Makonde katika nchi ya Masasi na Newala, kisha pwani ya Kenya na Tanzania, kisha Unguja.

Mahali panapogeuka kuwa watu

Tuanze na neno lenyewe. Kwa Wayunani wa kale orkhestra haikuwa kundi la wapigaji. Ilikuwa ni uwanja uliokuwa mbele ya jukwaa, mahali pa kuchezea, na asili ya neno ni kitendo cha kucheza. Kwa hiyo, tungalifasiri neno hilo kama lilivyokuwa, tungalisema "uwanja wa ngoma". Karne nyingi baadaye jina likahama kutoka mahali kwenda kwa watu waliokaa mahali hapo na ala zao.

Waarabu nao walipita njia hiyo hiyo. Kundi dogo la wapigaji katika muziki wa Misri na Shamu liliitwa takht, neno lenye asili ya Kiajemi ambalo maana yake ni kiti cha enzi au jukwaa lililoinuliwa. Wapigaji watatu, wanne au zaidi kidogo waliketi juu ya jukwaa hilo, mmoja akiwa na udi, mwingine kanuni, mwingine nai, mwingine fidla, mwingine rika. Na jina la jukwaa likawa jina lao.

Msomaji asidhani kwamba mageuzi ya namna hii ni ya wageni peke yao. Baraza, kwa asili ya matumizi yetu, ni kikao cha mawe au cha udongo mbele ya nyumba, wanapoketi watu kuzungumza. Leo baraza ni watu wenye madaraka, na Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria mwaka 1967, limechukua jina lake katika kikao hicho. Basi asiyeona ajabu baraza kuwa watu, asione ajabu okestra kuwa watu.

Neno letu "ngoma" limekwenda mbali zaidi. Ngoma ni chombo kilichowambwa ngozi. Ngoma ni uchezaji. Tena ngoma ni shughuli nzima pamoja na watu, nyimbo, chakula na siku yake. Neno moja limebeba ala, uchezaji na onyesho. Mfasiri anayelidharau neno hili kwa kuliona la kijijini husahau kwamba lugha za Ulaya zimelazimika kutumia maneno matatu au manne kuyasema hayo.

Bonde la Lukuledi na msimu wa ngoma

Mto Lukuledi hushuka kutoka upande wa Masasi na kuingia baharini Lindi. Bonde lake ndilo lililokuwa njia ya kuendea bara kwa wafanyabiashara, wamisionari na askari. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere wa misheni ya Kianglikana ya Unguja, ambaye kitabu chake cha mwongozo wa Kiswahili kilitokea mwaka 1870, aliwaongoza watu waliokombolewa utumwani mpaka Masasi, wakaanzisha kijiji huko. Kwa hiyo Kiswahili cha Unguja, chenye sarufi iliyoandikwa na nyimbo za kanisani zilizofasiriwa, kilifika mapema kati ya Wamakua, Wayao na Wamakonde. Wabenediktini walifungua misheni ya Lukuledi mwaka 1895. Vita vya Majimaji vya mwaka 1905 viliziteketeza misheni za bonde hilo, na mwaka uliofuata Wabenediktini wakaweka makao mapya Ndanda.

Katika mwaka huo wa 1906 alifika Mjerumani Karl Weule, mtaalamu wa makumbusho ya Leipzig. Alikuwa amekusudia kwenda sehemu nyingine ya nchi, lakini machafuko yalimzuia, akaelekezwa kusini. Kutoka Lindi alifuata njia ya Lukuledi mpaka Masasi, kisha akapanda Newala. Alichukua mashine ya kunasia sauti kwa mitungi ya nta pamoja na kamera ya sinema, akanasa nyimbo na ngoma. Mitungi ya namna hiyo imehifadhiwa katika hazina ya sauti ya Berlin, na mkusanyo wa mitungi ya hazina hiyo uliingizwa na UNESCO katika orodha ya Kumbukumbu ya Dunia mwaka 1999.

Kwa mwanaistilahi habari hii ina uzito wake. Mashine hunasa sauti, lakini hainasi jina. Anayesikiliza leo ngoma tatu au nne zikipigwa kwa pamoja atasikia kwamba moja hutangulia, nyingine hujibu, na nyingine hushikilia mapigo yasiyobadilika. Hataweza kusema ipi ni ipi asipopewa majina. Kiswahili cha pwani kimehifadhi baadhi ya majina hayo: chapuo, ngoma ndogo ya mapigo ya haraka, vumi, yenye sauti nzito ya chini, msondo, ngoma ndefu ihusikanayo na jando na unyago. Haya si majina ya ukubwa wa vyombo tu. Ni majina ya kazi. Kumwambia mtu "shika chapuo" ni kumpa nafasi yake katika kundi, kama vile mwingine anavyoambiwa akae katika fidla za pili.

Msimu nao ulikuwapo. Neno "msimu" limetokana na Kiarabu mawsim, majira maalumu, na pwani lilihusiana na pepo za kaskazi na kusi pamoja na safari za majahazi. Huko Masasi na Newala msimu mkubwa wa ngoma ulikuwa ule wa baada ya mavuno, wakati wa kiangazi, ghala zikiwa na chakula na njia zikiwa kavu. Hapo ndipo jando na unyago vilipofanywa, na wapigaji hodari waliitwa kutoka kijiji kimoja kwenda kingine. Kwa hiyo mfasiri anapoandika "msimu wa maonyesho" haazimi dhana ya Vienna wala ya London. Analitumia neno mahali pake.

Tofauti na hayo, tuangalie yaliyoipata sindimba. Ngoma hii ya Wamakonde ilichukuliwa katika miaka ya 1960 kuwa mojawapo ya ngoma za kuonyeshwa kitaifa, ikafundishwa shuleni na kuchezwa na vijana wa makabila mengi. Ilipata sifa kubwa, lakini iliachana na msimu wake na shughuli yake. Watu wengi wakabaki na jina moja tu, sindimba, na kulitumia kwa kila uchezaji wa kutikisa kiuno. Jina lilienea na maana ikapungua. Hilo ndilo linaloweza kuipata istilahi yoyote inayochukuliwa bila maelezo.

Beni: neno la kuazima, shughuli ya wenyewe

Mfano wa pili ni beni. Neno hili ni "band" la Kiingereza lililotiwa mwisho wa Kiswahili. Katika miaka ya 1890, huko Mombasa na Lamu, vijana waliyatazama matarumbeta na gwaride za Wazungu wakaanzisha ngoma yao wenyewe. Walishika filimbi, tarumbeta na ngoma kubwa ya kijeshi, wakavaa sare, wakagawana vyeo. Kila kundi lilikuwa na kingi wake, majemadari wake na madaktari wake, na wanawake walikuwa na vyeo vyao. Makundi yalishindana mtaa kwa mtaa.

Vita Kuu ya kwanza iliieneza beni. Katika mwezi wa Oktoba 1917 mapigano makali yalitokea Mahiwa na Lukuledi, na mwezi uliofuata majeshi ya Kijerumani yalipita Newala kuelekea Ruvuma. Maelfu ya askari na wapagazi walikuwa wameondolewa makwao, wakakutana na watu wa lugha nyingine, na Kiswahili ndicho kilichowaunganisha. Baada ya vita hiyo beni ilionekana katika miji mingi ya Tanganyika, hasa kwa majina mawili: Marini na Arinoti. Hazikuwa ngoma za starehe peke yake. Mwanachama alipougua alisaidiwa, alipofariki alizikwa, na mgeni aliyefika mjini bila ndugu alipata ndugu katika kundi lake.

Beni ilivuka mipaka pia. Katika nchi za Ziwa Nyasa ilizaa mganda na malipenga, ambamo vibuyu vilichongwa na kutengenezwa vikawa matarumbeta. Katika machimbo ya shaba ya Rhodesia ya Kaskazini, yaani Zambia, kulikuwa na kalela, iliyoandikiwa utafiti maarufu na J. Clyde Mitchell mwaka 1956.

Mambo mawili yaangaliwe hapa. Kwanza, neno la kuazima halikuifanya shughuli kuwa ya kuazima. Waliocheza beni waliamua wenyewe vyeo, sheria, mashairi na ushindani. Pili, neno lilipoazimwa upya baadaye katika umbo la "bendi", halikuja na maana ile ile. Bendi ikawa ya polisi, ya jeshi, au ya dansi. Beni ikabaki jina la ngoma ya mtaani, na Unguja ingali ikisikika katika arusi. Maneno mawili kutoka shina moja yamegawana kazi bila amri ya kamati yoyote. Mwanaistilahi mwema huheshimu mgawanyo wa namna hiyo.

Nadi na chama: okestra ya ridhaa

Ikiwa tunatafuta katika historia yetu kundi linalokaribiana zaidi na okestra ya watu wa mji, hatuna budi kwenda Unguja. Taarab, ambayo jina lake linatokana na neno la Kiarabu lenye maana ya kusisimka kwa furaha, iliingia katika jumba la kifalme wakati wa Sultani Barghash, aliyetawala kuanzia 1870 hadi 1888. Masimulizi ya Unguja yanasema kwamba alimpeleka Misri Mohamed Ibrahim akajifunze kupiga kanuni. Mwaka 1905 vijana wa mjini waliunda chama chao, Nadi Ikhwan Safaa. Nadi ni neno la Kiarabu lenye maana ya klabu, na Ikhwan Safaa, yaani "ndugu wa usafi", ni jina la wanazuoni wa Basra wa karne ya 10. Chama hicho kingali hai, na watu wengi hukijua kwa jina la mtaa wake, Malindi.

Tazama muundo wake. Wanachama walikuwa watu wenye kazi nyingine, walitoa michango, waliagiza ala kutoka Misri, walikuwa na nyumba ya kukutania na kufanyia mazoezi, na waliongozwa kwa kanuni za chama. Shughuli zao zilifuata sikukuu na arusi, na mwezi wa Ramadhani ukifika sauti za ala zilinyamaza. Hii ndiyo hasa "okestra ya jamii" anayoitafuta mfasiri, nayo ilikuwapo zaidi ya karne moja iliyopita.

Mwanzoni waliimba kwa Kiarabu. Aliyekipa Kiswahili heshima katika taarab mbele ya ulimwengu ni Siti binti Saad, mzaliwa wa Fumba, ambaye mwaka 1928 alikwenda Bombay na wenzake kurekodi santuri. Shaaban Robert aliandika wasifu wake. Baadaye, kwa mfano wa Misri ambako takht ndogo ilikuwa imepanuka, makundi ya Unguja nayo yalipanuka: fidla zikawa nyingi, zikaongezwa seli, besi na akodiani. Mwaka 1958 ukaanza mwenendo wa kundi la pili maarufu, Culture Musical Club, ambalo kwa Kiswahili huitwa Mila na Utamaduni.

Onyesho la taarab lina mpango wake. Hufunguliwa kwa bashraf, yaani kipande cha ala tupu kisichoimbwa. Neno hili, kupitia Kituruki na Kiarabu, lina asili ya Kiajemi yenye maana ya "kinachotangulia". Mpigaji mmoja anapoachiwa nafasi ya kubuni peke yake, kipande hicho huitwa taksimu. Maneno haya yamo vinywani mwa wapigaji tangu zamani, lakini ni wafasiri wachache wanaoyakumbuka wakutanapo na kipande cha kufungulia konseti. Huandika "utangulizi wa muziki", kana kwamba lugha haikuwa na neno.

Jazi, dansi, na okestra ya magitaa

Huku bara, tangu miaka ya 1930, vijana wa miji walianzisha makundi ya dansi wakayaita "jazi". Kilwa Jazz Band ilianzishwa mwaka 1958, na NUTA Jazz Band mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Neno hilo halikuwa na maana ya muziki wa jazi wa Wamarekani weusi. Lilikuwa na maana ya kundi la dansi lenye magitaa, ngoma na matarumbeta. Kisha wanamuziki kutoka Kongo wakaja na desturi ya Kifaransa, ambamo kundi lolote la muziki huweza kuitwa okestra. Ndipo tukapata Orchestra Makassy, Orchestra Maquis na Orchestra Safari Sound, na mwaka 1978 Mlimani Park Orchestra.

Matokeo yake ni kwamba mwananchi wa Dar es Salaam au Mtwara, asikiapo "okestra", hufikiria gitaa la solo na saksafoni kabla ya kufikiria fidla thelathini. Hilo si kosa lake. Neno lilimfikia likiwa na maana hiyo, na matumizi hayo yana historia ya nusu karne. Kwa hiyo mfasiri akiandika "okestra" peke yake atamchanganya msomaji, na akiandika "bendi ya simfoni" atakuwa ameongeza utata juu ya utata.

Wakati huo huo dhana ya okestra ya simfoni haiko mbali nasi tena. Nairobi imekuwa na okestra ya namna hiyo tangu miaka ya 1940. Mwaka 1994 waumini wa kanisa la Kimbangu mjini Kinshasa, chini ya Armand Diangienda, walianzisha okestra ya simfoni ya wapigaji wasiolipwa, wengi wao wakijifunza wenyewe na kuzikarabati ala kwa mikono yao. Huko Korogocho, Nairobi, mpango wa Ghetto Classics umewafundisha watoto ala za okestra tangu mwaka 2008. Watoto hao na wazazi wao huzungumza Kiswahili kila siku. Wanastahili kuwa na majina ya vyombo walivyovishika.

Mapendekezo

Kutokana na historia hiyo, yafuatayo yanafaa kufikiriwa.

Okestra ya simfoni litumike kwa kundi kubwa la ala za nyuzi, za kupuliza na za kugonga lipigalo kwa nota, ambalo likikamilika huwa na wapigaji wapatao 70 hadi 100. Simfoni, kwa asili yake ya Kiyunani, ni "sauti pamoja". Okestra peke yake liachiwe kundi la dansi pale muktadha unapoonyesha hivyo.

Okestra ya ridhaa litumike kwa kundi la watu wasiolipwa. Ridhaa limezoeleka katika michezo kwa mchezaji asiye wa kulipwa, nalo linaeleza jambo ambalo "ya jamii" haliwezi kulieleza, yaani kwamba wapigaji wamekuja kwa hiari yao.

Mwongoza okestra litumike kwa yule anayewaongoza wapigaji. Kondakta abaki katika basi. Mwalimu, jina litumikalo katika kwaya zetu, lihifadhiwe kwa kwaya, kwani kiongozi wa kwaya kwa kawaida ndiye afundishaye pia.

Fidla liendelee kuwa jina la ala hiyo, na mfasiri asiandike zeze. Zeze lina umbo lake, nyuzi zake na wapigaji wake. Kuliita fidla ni kuzidhulumu ala mbili kwa pamoja. Vivyo hivyo kinanda, ambacho kamusi za zamani zilikieleza kuwa ni ala ya nyuzi, kimekwisha kupewa piano, ogani na hata gramafoni. Kisiongezewe mzigo.

Bashraf na taksimu yafundishwe pamoja na istilahi za muziki wa Ulaya, ili mwanafunzi aone kwamba dhana za kipande cha kufungulia na cha kubuni zimo katika lugha yake.

Onyesho ni neno la jumla. Hafla ni ya walioalikwa. Tamasha ni la hadhara na huwa na mambo mengi. Konseti ni onyesho la kusikiliza muziki uliopangwa.

Hitimisho

Yako maneno mengine ambayo ofisi huyatumia kwa urahisi, na "kikundi cha burudani" ni kiongozi wao. Karani akiandika hivyo juu ya beni, juu ya nadi, juu ya wapiga msondo wa Newala na juu ya okestra ya fidla, hatakuwa amesema uongo. Lakini msomaji wa faili hilo baada ya miaka hamsini hatajua kama waliotajwa walizikana, walifunza vijana, au walipiga muziki tu. Jina pana mno hufuta habari kama maji yafutavyo wino.

Mitungi ya nta imebaki Ulaya na sauti zake. Majina ya ngoma, ya mapigo na ya kazi za wapigaji yako kwa wazee wa Masasi, Newala, Ndanda na vijiji vya Lukuledi, na mengi hayajaandikwa katika kamusi yoyote. Walimu wa huko wanayo nafasi ambayo mfasiri wa mjini hana. Wakiandika jina la ngoma, kijiji lilikosikika, lugha ya wenyewe, na kazi ya ngoma hiyo ndani ya kundi, watakuwa wametoa maelezo manne ambayo bila ya hayo istilahi haiwezi kusanifiwa kwa haki.